Risasi Iliyokwenda kwa Jirani

Delma Trewin alikuwa mwanamke asiyesema. Si bubu, la. Alisalimia watu asubuhi, alibashiri mvua, na kondoo wakimkorofisha alitamka maneno ambayo mchungaji wa kanisa asingependa kuyasikia. Lakini siri ya mtu ikiingia kwake, imeingia. Alipokuwa msichana aliajiriwa kwenye chumba cha simu cha Wirrabeena, mji mdogo wa wakulima wa ngano kusini mwa Australia, akaketi pale miaka nenda rudi na visikilizio masikioni, akiwaunganisha watu wa wilaya nzima kwa nyaya. Kila mtu alijua kwamba Delma anasikia. Alisikia nani kafilisika, nani ana mimba isiyo ya mumewe, nani analia akimwita mama yake aliyeko Adelaide. Halikutoka hata neno moja. Mitambo mipya ilipokuja na chumba kikafungwa, walimfanyia tafrija, na mzee mmoja akasimama akasema mji huu umelala kwa amani kwa sababu ya mdomo wa Delma. Alijivunia sifa hiyo maisha yake yote. Wako wanaojivunia mambo ya kipuuzi zaidi.

Mumewe, Merv, alikuwa kinyume chake. Huyo mdomo wake haukupata likizo. Walipompangisha kijana wao shamba la ngano, Merv alichukua kazi ya kuendesha basi la shule, na watoto wakampenda kwa vichekesho vyake hata wale wakubwa waliojifanya hawamsikii. Kila Jumamosi, tangu kabla hawajaoana, alikwenda klabu ya kulenga shabaha, nje ya mji, kwenye uwanja mrefu unaoishia kwenye kilima cha udongo mwekundu. Delma alifika pale saa ya chai tu, kama wake wengine, akiwa na skonzi zake na chupa ya jamu. Alipanga vikombe, akaosha vikombe, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kufyatua, na yeye hakuwahi kuuliza.

Basi mwaka huo, ngano ikiwa ndiyo kwanza inachomoza, Delma alianza kuingiwa na wasiwasi juu ya mumewe. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Merv alimimina chai kando ya kikombe, akasema kikombe kimewekwa vibaya. Aligonga nguzo ya geti lao kwa pikapu, akailaumu nguzo, ambayo ilikuwa pale tangu enzi za marehemu baba yake. Kisha siku moja mbele ya posta Janine Schirmer alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, naye akampita kama hamjui. Janine ni mama wa watoto wawili wanaopanda basi la Merv kila siku ya shule.

"Merv, macho yako yakoje?" Delma alimwuliza jioni hiyo wakiwa mezani.

"Yapo. Mawili. Nimeyahesabu asubuhi."

"Janine kakupungia mkono, hukumwona."

"Nilikuwa na mawazo."

"Nenda kamwone daktari wa macho, baba."

"Delma, siku nikiumwa utakuwa wa kwanza kujua. Sasa hebu nipitishie siagi."

Siagi ilikuwa mbele yake, kando ya mkono wake wa kulia. Delma aliinyanyua akamkabidhi.

Kilichomnyima usingizi si siagi, bali kivuko cha reli kwenye njia ya kwenda kwa akina Schirmer. Kivuko kile hakina geti wala taa. Kuna kibao tu, na treni za ngano hupita pale na msururu wa mabehewa usiokwisha, wakati wowote zinapojisikia. Basi likifika pale na watoto ndani, hakuna kinachowalinda isipokuwa macho ya dereva. Delma alimwuliza mara ya pili, Merv akagonga meza hadi vijiko vikaruka. Alimwuliza mara ya tatu, naye akageukia ukutani akajifanya amelala. Baada ya hapo Delma akafanya alichozoea kufanya na mambo ya watu. Akanyamaza. Ila safari hii ukimya wenyewe ulianza kumla, na kila basi lilipoondoka asubuhi alisimama dirishani roho ikiwa juu mpaka alipolisikia likirudi.

Ndipo asubuhi moja Merv akasema, huku akipaka mkate jamu, "Jumamosi twende wote klabu."

"Skonzi ngapi?"

"Achana na skonzi. Ukafyatue."

Delma akacheka. Merv hakucheka.

"Kutakuwa na mashindano ya jozi mwezi ujao. Mmoja anafyatua, mwenzake anamsomea upepo, halafu mwishoni wanafyatua wote. Kila mtu anatafuta mwenzake. Mimi nakutaka wewe."

Mimi nakutaka wewe. Sikiliza maneno hayo, uyapeleke kwa mwanamke aliyeosha vikombe vya klabu ile tangu ujana wake. Delma alikuwa na wajukuu. Lakini alikwenda chumbani akajitazama kwenye kioo, akarekebisha nywele, akaona haya peke yake.

Kufyatua kwenyewe kulimtesa. Merv alimvika koti zito la turubai, akamlaza kifudifudi kwenye mkeka, akamfunga mkono kwa mkanda wa bunduki mpaka vidole vikafa ganzi. "Usikivute kifyatulio kama unang'oa jino," alimwambia. "Kikamue. Kikamue taratibu, mama, mpaka ishtuke yenyewe." Ilishtuka kweli, ikamwachia alama ya buluu begani. Risasi zake za kwanza zilikwenda kuchimba udongo wa kilima. Merv hakumsimanga hata kidogo. Alimrekebisha kiwiko kwa upole ambao Delma alidhani uliishia kwenye harusi yao.

Alichokipenda ni upepo. Merv alimwekea darubini ya miguu mitatu, akamfundisha kuzisoma bendera zilizopangwa kando ya uwanja kutoka mstari wa kufyatulia mpaka kilimani. Ikawa Merv analala na bunduki, yeye analala ubavuni na darubini.

"Nisomee."

"Ya karibu imesimama. Ya katikati inalegea. Kule mbali majani yanalalia kushoto."

"Kwa nguvu?"

"Si kwa nguvu. Kama mtu anayapapasa."

Merv alizungusha kidude cha kulengea kidogo, akatulia, akafyatua. Kule mbali shabaha ilishushwa, ikapandishwa tena na alama katikati ya kitovu, lile duara dogo la kati. "Umeiona hiyo?" Merv alisema. "Hiyo yako, si yangu." Miaka yote kazi ya Delma ilikuwa kusikiliza. Sasa alikuwa anasema, na kuna mtu alikuwa anamsikiliza kama anayesikiliza habari ya maisha yake. Alifurahi. Nasema wazi kwamba alifurahi kuliko alivyofurahi kwa miaka mingi, na kwa sababu ya furaha hiyo akaacha kuuliza habari za macho. Alijiambia, mtu asiyeona hapigi kitovu namna ile. Kila mtu hujua kujidanganya akiwa na sababu nzuri.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi yenye jua la baridi. Kapteni wa klabu, Clarrie Noske, alikuwa mtu mnene, rafiki wa Merv tangu utoto, na sauti yake ilivuka uwanja mzima bila kipaza sauti.

"Shemeji!" alimpigia Delma kelele. "Leo tutajua nani anashika usukani nyumba ile!"

"Mwulize mwenye darubini," Delma akajibu, watu wakacheka, na yeye mwenyewe akashangaa alivyojibu.

Kule mwisho kulikuwa na shabaha sita zilizopangwa mstari mmoja, na chini yake handaki wanamojificha wanaozishusha, kuziba tundu, kubandika alama na kuzipandisha tena. Juu ya kila shabaha kuna ubao wa namba, mkubwa kama mlango wa banda la kuku. Kuhusu namba hizo klabu ina mzaha mmoja ambao hauzeeki. Mtu akichanganya namba akafyatulia shabaha ya mwenzake, husemwa kaenda kwa jirani. Risasi yake haihesabiwi. Halafu saa ya chai anavishwa kofia kuukuu ya majani yenye kengele ya kondoo, anakalishwa kwenye kigoda mbele ya wote, na jirani aliyevamiwa anapewa haki ya kumwuliza swali moja. Moja tu, lolote, na lazima lijibiwe kweli. Mengi ya Wirrabeena yamejulikana kwenye kigoda kile, pamoja na nani alikata uzio wa nani na nani alilewa siku ya ubatizo wa mwanawe. Merv hakuwa amekikalia hata siku moja. Alikuwa bingwa wa kuwacheka waliokikalia.

Raundi ya kwanza walishika usukani wa mashindano. Delma alisoma, Merv alifyatua, na vitovu vilifuatana mpaka Clarrie akaacha mzaha akaanza kuwatazama kwa wivu. Raundi ya pili kila mmoja alilala kwenye mkeka wake. Merv alipewa shabaha ya nne. Delma, kuliani kwake, alipewa ya tano.

Alikuwa bado anahangaika na risasi yake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, alipoona shabaha ya pili ikishuka handakini na kukawia huko. Fremu yake ilikuwa imevunjika. Bunduki ya Merv ikalia. Delma akainua macho, akaona shabaha yake mwenyewe, ya tano, ikizama. Ikapanda. Alama nyeupe ilikuwa katikati ya kitovu.

"Lo! Shemeji!" Clarrie akanguruma. "Umepiga kitovu na risasi bado iko kiganjani!"

Mstari mzima uliangua kicheko.

"Merv kaenda kwa jirani!"

"Merv Trewin! Leo leo!"

"Afadhali jirani mwenyewe ni mkewe!"

"Leteni kofia, ioshwe kabisa, kichwa cha mheshimiwa hicho!"

Merv alicheka kuliko wote. "Nilikuwa namsaidia bibi harusi!" alijibu. Lakini Delma alikuwa karibu naye, aliona shingo yake ilivyobadilika ikawa nyekundu. Aliona jambo jingine. Merv alikuwa ameelekeza uso kule kwenye shabaha, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Wakati huohuo shabaha ya pili ikapandishwa, na midomo ikasita, ikaanza upya. Moja, mbili.

Alikuwa anahesabu. Hakuwa anaona namba kubwa kama milango. Aliona vidoa vyeusi tu, akahesabu kutoka kushoto, na kimoja kilipoondolewa kwenye mstari hesabu ikamtupa kwa mkewe. Delma alihisi baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Nyuma ya baridi hiyo ikaja nyingine mbaya zaidi. Mimi nakutaka wewe. Nisomee, mama. Hakuchaguliwa kama mke. Alichaguliwa kama miwani.

Alifyatua risasi zake kwa sababu zilikuwa pale za kufyatuliwa, wala hakujua zilikwenda wapi. Clarrie alipotangaza mapumziko, alimshika Merv mkono akamvutia nyuma ya pikapu yao.

"Ulikuwa unahesabu."

"Nini?"

"Usinifanye mtoto, Merv. Ile ya pili ilishuka, ukahesabu ukaniangukia mimi. Huoni namba."

Merv alitazama nyuma kuhakikisha hakuna mtu. Uso wa mzaha ulikuwa umemtoka, na bila huo alionekana mzee.

"Kuna ukungu kidogo," alisema. "Unakuja na kuondoka."

"Tangu lini?"

"Nitakwenda kwa daktari likizo ikifika. Naahidi. Acha nimalize huu muhula."

"Kesho kutwa Jumatatu. Utawabeba watoto."

"Delma, ile barabara naijua kwa kunusa. Naweza kuiendesha nimefumba macho."

"Na treni nayo unainusa?"

Kule ukumbini mwa klabu mtu alikuwa anapiga kengele ya kofia, watu wanamwita Merv kwa kuimba.

"Sema leo," Delma akasema. "Sema wewe mwenyewe, mwambie Clarrie, yumo kwenye kamati ya mabasi. Atatafuta dereva mwingine kesho hiyohiyo."

"Halafu mimi niwe nani? Nikae jikoni nikuangalie ukimenya viazi? Hata kukuangalia kwenyewe..." Kisha akamshika bega, lile lenye alama ya buluu, akalibana bila kujua. "Ukisema umeniua, mke wangu. Lakini wewe si msemaji. Nakujua."

Akatangulia ukumbini, akiita kwa sauti ya furaha, "Haya, leteni hilo taji langu!"

Ukumbi ulikuwa umejaa mvuke wa chai na harufu ya soseji na vitunguu. Merv alikaa kwenye kigoda, kofia ikamshuka mpaka kwenye nyusi, na kila alipotikisa kichwa kengele ililia na watu wakafa kwa kicheko. Janine Schirmer alikuwa karibu na birika kubwa, amekuja kusaidia vikombe, kikombe kimoja mkononi mwake.

"Muulize kuhusu ile safari ya Port Pirie, dada Delma!" alisema.

"Muulize kama anakoroma makusudi!" mwingine akadakia.

Clarrie alipiga meza. "Kimya! Jirani asimame. Shemeji, swali moja. Na wewe mshitakiwa, kweli tupu, ama utakula skonzi za mkono wangu."

Delma alisimama. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na ndilo lililomwuma zaidi: kwa nini ulinileta hapa? Alilitaka jibu lake kuliko alivyotaka kitu chochote. La pili halikuwa lake. Lilikuwa la watoto wawili wa mwanamke aliyesimama karibu na birika, na la wenzao wote waliojipanga kando ya barabara kila asubuhi na mikoba migongoni. Aliruhusiwa moja tu. Alimtazama mumewe chini ya ile kofia ya kipumbavu, akampenda, akamwonea huruma. Kisha akapiga moyo konde.

"Merv," alisema, "ulipofyatua ile risasi, ulikuwa unaiona namba?"

Watu walingoja kichekesho. Merv aliwapa.

"Nani anaangalia namba akiwa amelala na mkewe?"

Ukumbi ukalipuka. Clarrie alijifuta machozi. Huo ndio ulikuwa mwisho wa mchezo kwa kawaida. Jirani huketi, chai humiminwa. Delma hakuketi.

"Hujajibu," alisema.

Kicheko kilipungua, kikabaki cha mtu mmoja nyuma, naye akajishtukia akanyamaza.

"Ulikuwa unaiona namba, Merv?"

Merv alikuwa amegeuzia uso kwenye sauti ya mkewe. Kengele ya kofia ilitikisika kidogo. Kwa muda Delma alidhani Merv atatunga kichekesho kingine, na kama angetunga, sijui Delma angepata wapi nguvu ya kuuliza mara ya tatu.

"Hapana," Merv alisema.

"Jua lilikuwa machoni," Clarrie akasema haraka. Alikuwa rafiki mwema, na aliona rafiki yake anazama. "Saa ile jua huwa baya. Hata mimi—"

"Jua lilikuwa mgongoni, Clarrie." Merv alivua kofia akaishika mapajani. "Sijaiona namba hata moja tangu wakati wa kupanda ngano. Naona vidoa. Leo Delma ndiye amekuwa akiona. Mimi nilikuwa nafyatua tu."

Janine aliweka kikombe juu ya meza, pole pole, kama kinaweza kuvunjika kwa kutazamwa.

"Mzee Merv," alisema. "Kivukoni kwenye reli unafanyaje?"

"Nasimama. Kila siku nasimama, Janine, Mungu ni shahidi wangu. Nazima injini, nafungua dirisha, nasikiliza."

"Unasikiliza."

"Treni ya ngano ina kishindo. Unaisikia ikiwa mbali."

"Na watoto wakipiga kelele?"

Merv alitazama kofia. "Huwaambia wanyamaze."

"Mchezo wa bubu," Janine akasema. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Wanangu wananihadithia kila siku. Anayenyamaza mpaka basi livuke reli anapewa peremende. Nikasema, ona mzee yule alivyo mwema, anawachezesha watoto wangu."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alichukua koti lake msumarini, akapita mbele ya kigoda bila kumtazama Merv, na alipofika kwa Delma alisimama. Delma alidhani anataka kumshukuru, na Mungu amsamehe, alikuwa ameshajiandaa kushukuriwa.

"Tangu lini ulijua, dada?"

"Kwa hakika, leo."

"Na bila hakika?"

Delma akaanza kukusanya vikombe mezani. Janine alitikisa kichwa akatoka nje, na gari lake likasikika likiondoka kwa kasi kwenye kokoto. Clarrie, aliyekuwa na sauti ya kuvuka uwanja mzima, alisema kwa sauti ya chini kabisa kwamba Jumatatu basi ataliendesha yeye. Hakuna aliyekumbuka kutangaza washindi wa mashindano.

Walirudi nyumbani Delma akiwa ameshika usukani. Merv alikaa upande wa abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa kwenye pikapu ile, hajui mikono aiweke wapi. Walivuka kile kivuko. Delma alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, reli ilikuwa tupu pande zote mpaka macho yanapokoma, akavuka.

"Ungeniuliza nyumbani," Merv akasema.

"Nilikuuliza nyumbani."

Merv aligeuzia uso dirishani. "Ndiyo," alisema. "Uliniuliza."

Mashamba yalipita, ngano fupi ya kijani kila upande. Delma alikuwa bado na lile swali lake jingine, limemkaa kifuani kama mfupa, na sasa hapakuwa na kofia wala kigoda cha kumlazimisha mtu kusema kweli. Akaliuliza hivyohivyo.

"Clarrie anasoma upepo tangu utoto wake. Ana macho mazuri kuliko yangu, na angelala ubavuni mwako kwa furaha. Kwa nini ulinitaka mimi?"

Alingoja. Alijua angesamehe mengi kama angepewa jibu moja, na alijua jibu lenyewe: kwamba alimtaka ubavuni mwake. Hata uongo angeupokea.

Merv aliiweka mikono mapajani.

"Clarrie angesema," alijibu. "Angeona siku ya kwanza tu, akasema. Nilijua wewe hutasema."

Delma alibadilisha gia kupanda kilima cha mwisho kabla ya nyumbani.

"Hata mimi nilijua sitasema," alisema.